Kishikizo cha mkanda wa gitaa kinalegea kila mara

Mkuu, umesema kishikizo cha mkanda kwenye gitaa lako la umeme kinalegea hata ukikaza, na fundi amekushauri uweke skrubu nene zaidi. Usianze na hiyo. Skrubu nene inaweza kupasua mbao, na pengine isipite hata kwenye kishikizo chenyewe.

Tatizo ni tundu lililolika: meno ya skrubu hayana mbao ya kushika. Fungua skrubu, chukua vijiti vya kuchokonolea meno (vya mbao, si vya plastiki), vipake gundi ya mbao, kisha vishindilie tunduni mpaka pasiwe na nafasi. Kata vilivyochomoza. Gundi ikigusa rangi, ifute mara moja kwa kitambaa chenye unyevu.

Sasa acha mpaka kesho. Nakusihi usifanye haraka hapa, maana gundi ikiwa bado mbichi kazi yote inaharibika. Kesho yake toboa kitundu chembamba katikati, sugua skrubu kwenye sabuni kavu ili iingie bila kulazimishwa, na ukaze kwa bisibisi ya mkono. Ikishika vizuri, acha. Ukizidisha utailegeza tena.

Kwa leo piga ukiwa umekaa. Gitaa aina ya Les Paul lina kilo 4 hivi, na likianguka shingo huvunjika kirahisi karibu na kichwa. Matengenezo yake ni ghali sana kuliko gundi na vijiti.