Kamongo aliyenipitisha miezi ya kitandani

Nilivunjika mfupa wa paja nikishuka ngazi zilizolowa. Nikapasuliwa, nikawekewa chuma ndani ya mfupa, na baada ya hapo ikaja kazi ambayo sikuwa nimejiandaa nayo: kulala. Wiki ya kwanza wageni hujaa chumbani. Ya nne unabaki wewe, dari na simu.

Walionipenda walinitumia visa vya mashujaa. Huyu hana mikono na anachora kwa mdomo, yule kapanda mlima kwa mguu wa bandia. Nilijua wananitakia mema, lakini kila kisa kiliniacha mnyonge kuliko kilivyonikuta. Wao wameweza yote hayo, na mimi nikitaka kugeukia ubavu wa pili lazima niite mtu! Kwa hiyo maneno haya ni ya aliyelala kama nilivyolala mimi, ya aliyefiwa, ya aliyepoteza kazi, na zaidi ni ya yule anayetafuta kisa cha kumtumia mtu wa namna hiyo.

Kilichonigeuza ni samaki. Mdogo wangu alinisomea habari za kamongo, yule samaki mwenye mapafu. Kwanza nilisikiliza kwa adabu tu: samaki anayeishi bila maji, sawa, ni ajabu, lete nyingine. Kisha nikamuuliza, anaishi vipi? Hakujua. Tukatafuta pamoja siku mbili tatu, na jibu likawa zuri kuliko ajabu yenyewe.

Bwawa linapoanza kukauka, kamongo huchimba kwa mdomo akishuka ndani ya matope. Akifika chini hujikunja, mkia ukaja kufunika kichwa. Mwili hutoa ute, ute ukikauka unakuwa kifukofuko chembamba kilichomzunguka pande zote isipokuwa tundu dogo la kupitishia pumzi mdomoni. Mapigo ya moyo hupungua, mwili mzima hutumia nguvu kidogo mno. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili majini kama amonia, ambayo ni sumu; yeye, kwa kuwa hana maji ya kuutupia, huugeuza kuwa urea isiyodhuru sana na kukaa nayo humo humo. Chakula hana. Anakula misuli yake mwenyewe, kidogo kidogo. Kwa kawaida hukaa hivyo miezi hadi mvua irudi, lakini wapo waliotunzwa maabara wakapita miaka. Na anapotoka, hatoki akiruka. Hutoka amekonda, dhaifu, akisogea taratibu kuelekea kwenye maji.

Niliposikia habari ya misuli nikainua shuka nikatazama paja langu. Lilikuwa limenyauka nusu ya lile la upande wa pili. Wiki nzima nilikuwa nimeliona kama dalili kwamba nimekwisha, na usiku ule nikaliona kwa jicho jingine. Mwili wangu ulikuwa umepunguza gharama. Hakuna aliyeniambia niwe na nguvu. Nilionyeshwa tu namna kiumbe kinavyopita msimu mkavu, na nikajiona ndani yake.

Tangu hapo ushauri wangu ni huu: usiishie kwenye mshangao. Ukikutana na ajabu yoyote, ya viumbe, ya historia au ya watu, kaa nayo mpaka upate jibu la "vipi". Mshangao peke yake hukuacha ulipo. Vipi hukupa kitu cha kushika.

Chukua kisa cha Juliane Koepcke. Wengi hukisimulia kwa sentensi moja: msichana wa miaka 17 alianguka kutoka angani akapona. Ni kweli. Tarehe 24 Desemba 1971 ndege aliyopanda ilipigwa na radi juu ya msitu wa Peru, ikavunjika, naye akaanguka yapata kilomita tatu akiwa amefungwa mkanda kwenye kiti. Ukiishia hapo, ni bahati tu, na bahati haifundishwi. Sasa uliza alitokaje msituni. Mtulinga ulikuwa umevunjika, miwani imepotea, amebaki na kiatu kimoja, na chakula chake ni peremende chache. Lakini wazazi wake walikuwa wanabayolojia, na alikuwa ameishi nao katika kituo chao cha utafiti humo msituni. Baba alikuwa amemfundisha kwamba ukipotea, fuata maji: kijito hukupeleka kwenye mto, na mtoni ndiko watu waliko. Akafuata kijito. Jeraha la mkono lilipoingia funza, naye akakuta petroli kwenye boti, alikumbuka baba alivyomtibu mbwa, akaimimina kwenye kidonda chake. Siku ya 11 akapatikana na wafanyakazi wa msituni.

Naomba usiruke na hili: watu 91 walikufa katika ajali ile, na mama yake alikuwa mmoja wao. Wanaosimulia kwa kutia moyo hulikata hilo ili kisa king'ae. Usilikate. Mtu aliye kwenye huzuni ananusa haraka kisa kilichosafishwa, na akikinusa huacha kukuamini. Juliane mwenyewe alirudi baadaye kwenye msitu ule ule kuchunguza popo, na akaja kukiongoza kituo cha wazazi wake. Hayo hayakumrudishia mama.

Wale wachimba madini 33 wa Chile nao niliwasoma hivyo. Mgodi uliporomoka tarehe 5 Agosti 2010, wakabaki karibu mita 700 chini ya ardhi. Ulimwengu unakumbuka siku ya kutolewa, baada ya siku 69. Mimi nazikumbuka zile 17 za mwanzo, kabla ya yeyote juu kujua kama wako hai. Waligawana vijiko viwili vya samaki wa kopo kwa kila mtu, mara moja kila saa 48. Siku ambazo maumivu yalinifanya nitake kumeza dawa kabla ya saa yake, nilifikiria kile kijiko.

Jambo la pili nililojifunza ni kuuliza wanaoishi karibu na hiyo ajabu. Mwaka 1938, kwenye bandari ya East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo aliona samaki wa ajabu katika mavuno ya meli ya uvuvi. Alikuwa silakanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka miaka milioni 66 iliyopita. Dunia ilishtuka. Wa pili alipatikana mwaka 1952 huko Komoro, na huko wavuvi walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombessa, na walimwona hana thamani ya mezani. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote nilivyovisoma mwaka ule. Aliyetoweka vitabuni alikuwa kwenye ndoana ya mtu.

Na hakikisha kabla ya kusambaza. Niliwahi kumwambia mpwa wangu kwamba Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini. Hauonekani. Nilimrudia nikamwambia nilikosea, kwa sababu mtoto akigundua mwenyewe kwamba ajabu moja ilikuwa uongo, zile za kweli nazo huzitilia shaka. Na za kweli zipo tele: kokwa ya tende yenye miaka kama 2,000, iliyofukuliwa Masada, ngome ya kale huko Israeli, miaka ya 1960, ikakaa kabatini miongo minne, ikapandwa mwaka 2005 na kuota. Mtende huo uliitwa Methuselah. Chavua yake ilipopelekwa kwa mtende jike uliooteshwa kutoka mbegu nyingine ya kale, tende zikachumwa mwaka 2020.

Sikuvisoma vyote hivi kwa pupa. Vilinitosha vitatu vinne kwa miezi mitano. Ukimeza thelathini kwa siku havikai.

Mwaka uliofuata rafiki yangu naye alilazwa, na ugonjwa wake ulikuwa mzito kuliko mguu wangu. Nilikwenda mikono mitupu. Sikumkumbusha habari ya kamongo niliyowahi kumsimulia, wala sikumtajia mtu yeyote aliyepona. Nilimmenyea chungwa, nikanyamaza naye, nikaenda tena kesho yake na keshokutwa. Ilikuwa siku ya tano au ya sita, jioni, taa zimeshapunguzwa, akanigeukia.

"Hebu, yule samaki wako wa matopeni," akasema. "Alikuwa anapumua vipi?"

Nikavuta kiti karibu, nikaanzia pale bwawa linapoanza kukauka.