Mwanangu, haya ndiyo ninayokuombea

Mbukwa, mwanangu.

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Mama, alfajiri ukipiga magoti, ukifika kwenye jina langu huwa unaomba nini? Unaomba nibadilike, nisipende tena wanaume?" Nikakwambia nitakuandikia. Sikutaka maneno haya yakae kwenye simu, maana simu huibwa, na meseji husomwa na wasiohusika. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu wanaume kulala na wanaume, unakijua: kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Kondakta anayekuletea bahasha hii namwamini.

Jibu ni hapana. Siombi ubadilike, na sijaliomba hilo tangu yale maombi ulipokuwa kidato cha tatu.

Wewe ulikuwa umefumba macho, kwa hiyo acha nikueleze nilichokiona mimi. Baba yako ndiye aliyewaita wale waombaji. Ni mwinjilisti, mtoto wa mwinjilisti, na aliamini kabisa kwamba anakuokoa. Ulikuwa umefungishwa siku tatu bila chakula wala maji ya kutosha. Wakakuzunguka pale sebuleni, wakashika kichwa chako kwa zamu, wakikemea pepo. Mafuta ya upako yalitiririka mpaka kola ya shati lako la shule ikalowa. Mimi nilikuwa natazama midomo yako. Ilikuwa imepasuka, pembeni imeganda ukoko mweupe, nami ni muuguzi, midomo ya mtu aliyeishiwa maji naijua. Nikapita katikati yao na kikombe cha uji wa uwele. Mmoja akaniambia namzuia Roho Mtakatifu. Nikamjibu kwamba mtoto anakunywa kwanza. Mikono yako ilitetemeka, nikawa nimekishika kikombe kwa chini hadi ulipomaliza. Hawakurudi tena nyumbani kwangu kwa kazi ile.

Kazini kwetu wanaosoma walikuwa wanajua kwamba Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Huwezi kumtibu mtu asiyeumwa. Na wanaosema vijana mmeyaiga kwenye televisheni, waje waniulize mimi. Televisheni gani, katika nyumba ambayo baba yenu hakuruhusu hata redio ipige muziki usio wa kwaya?

Msimamo wa Kanisa letu la Anglikana siufichi. Mwaka 2006 maaskofu wetu wa Tanzania walitangaza kwamba ushirika wao na wenzao wa Marekani umeharibika, na sababu ilikuwa hii hii. Lakini Desmond Tutu naye alikuwa Askofu Mkuu wa Anglikana. Mwaka 2013, kule Cape Town, alisema mbele ya watu kwamba hawezi kumwabudu Mungu anayewachukia watu wa namna yako, na kwamba mbingu ya ubaguzi huo angeikataa, bora aende kule kwingine. Mzee yule alimtumikia Mungu maisha yake yote. Nikiwa na wasiwasi, namkumbuka yeye na moyo unatulia.

Linaloniuma ni kuacha kwako imani, baba. Hilo linaniuma kuliko lile jingine, na ningekuwa mwongo nikisema vinginevyo. Hapa mtaani kwetu Kikuyu, Dodoma, wapo wanaosema uliacha kanisa ili upate nafasi ya kutenda dhambi. Huwa nawakatalia hapo hapo, maana mimi ndiye niliyekulea. Ulikuwa bado mdogo, shule ya Jumapili, ulipomuuliza mwalimu: Wagogo waliokufa kabla wamisionari hawajafika Mpwapwa wako wapi sasa? Ukachapwa. Ukauliza tena wiki iliyofuata. Mtu anayetafuta kisingizio hachapwi mara mbili kwa swali lile lile. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kubadilisha dini au imani yake, na sioni kwa nini uhuru huo uishie mlangoni kwa mama yako.

Basi ninachoomba ni hiki. Naomba usikamatwe. Naomba mwenye nyumba wako asisikilize umbeya. Naomba kazi yako idumu. Namwombea kwa jina lake yule mwenzako aliyekupeleka hospitali ulipougua malaria na kukesha na wewe, Mungu amlipe. Na naomba Mungu akutafute kwa njia anayoijua yeye. Hilo la mwisho sitaliacha, na nisingependa ulisikie kwa mtu mwingine. Lakini ni langu na Yeye. Wewe hudaiwi kitu.

Baba yako bado hajakubali. Kwenye sala ya jioni hakutaji, ila mwezi uliopita mgeni mmoja alianza kukusema vibaya pale mezani, naye akamwambia anyamaze au aondoke. Hapo ndipo alipofika kwa sasa.

Krismasi njoo. Usipange gesti, kitanda chako kipo. Sala itakuwa saa mbili usiku kama zamani. Usipotaka kuingia, kaa nami jikoni tumalizie kupika, mimi nitasali baadaye. Nimeshamwambia baba yako kwamba hakuna atakayekuita, naye hakubisha.

Nijibu kwa njia hii hii. Bahasha uifunge kwa gundi, na jina langu tu juu yake.

Mama yako