Pasti za nyama zinataka jiko la baridi

Nimezaliwa Tanga, na kusukuma manda za sambusa nilijua kabla ya kujua kuendesha baiskeli. Nilipohamia Cornwall, ile pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, na kuiona pasti, ganda la unga lililofungiwa nyama na viazi likaokwa, kwa mara ya kwanza, nikajiambia hii ni sambusa iliyonenepa tu, jioni moja inanitosha. Ilinichukua misimu miwili ya baridi.

Usambusa ndio ulioniponza. Nilikaanga kima na vitunguu na tangawizi, nikajaza, nikaoka karibu saa nzima. Nyama iliyokwisha kuiva ikapikwa mara ya pili, ikawa kama vumbi la randa. Jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa hukuhuku, alikula kipande kwa adabu, kisha akauliza kwa upole kwa nini nimeipika nyama kabla.

Pasti hujazwa mbichi. Kila kitu kinaiva humohumo ndani: nyama inatoa mchuzi, viazi vinaunywa, na mvuke uliofungiwa unafanya kazi iliyobaki. Wenyewe hawana mchezo na jambo hili. Tangu 2011 jina la pasti ya Cornwall linalindwa kisheria, na masharti yameandikwa: nyama ya ng'ombe isipungue asilimia 12.5, mboga asilimia 25, vijazo viingie vibichi, kingo zisukwe ubavuni, na iandaliwe Cornwall. Mboga ni viazi, kitunguu na mzizi mmoja mkubwa wa ukoo wa kabichi, manjano kwa ndani, ambao watu wa hapa huuita tanipu. Karoti ukiitaja watakuangalia vibaya.

Sasa nije kwenye baridi. Likizo moja ya Januari nilitaka kumwonjesha mama. Jiko la Tanga mnalijua: nilipomaliza kupima unga siagi ilikuwa imeshalegea, na vidole vyangu vikaimalizia. Unga ukainywa yote, na pasti zikatoka ngumu kama visheti vya juzi. Mafuta yanatakiwa yabaki vipandevipande, yakiwa baridi, mpaka yaingie kwenye oveni. Yakiyeyukia huko yanaacha tabaka, na ganda linakuwa la kumung'unyika. Ndiyo maana huku Cornwall, Oktoba na Novemba, dirisha likilia upepo na mimi nimevaa sweta mbili jikoni, unga wangu unatoka vizuri bila juhudi. Na oveni ikishawaka, nyumba inapata joto la bure.

Uliye Njombe, Lushoto au Limuru, ngoja Julai. Uliye Dar au Mombasa, amka kabla jua halijachomoza, weka hata unga na bakuli kwenye friji usiku kucha, na siagi usiikate: iparuze kwa kiparuzio cha karoti ikiwa imeganda.

Vipimo vyangu ni vya pasti sita. Unga wa mikate gramu 500, ule wa protini nyingi, kwa sababu unavutika bila kuchanika. Siagi na mafuta ya mgando, jumla gramu 200 (jirani hutia mafuta ya nguruwe; mimi situmii, na sijaona hasara). Chumvi kijiko kidogo kimoja, maji ya friji kama mililita 170, lakini yamimine kidogokidogo. Ukishashikana, ufunge na uuache kwenye friji kwa muda wa saa tatu. Usifupishe hapo. Nilipouharakisha, ulirudi nyuma kila nilipousukuma.

Nyama gramu 400, na isisagwe. Ikate kwa kisu vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Viazi kiasi hichohicho, vikatwe vipande vyembamba, kisha tanipu na kitunguu gramu 200 kila kimoja. Tanipu ukiikosa, ongeza viazi. Boga usijaribu: nilijaribu, likatoa maji na ganda likalowa chini. Chumvi na pilipili manga, basi. Nyunyiza chumvi wakati unajaza, maana ukiitia mapema mboga zitachuruzika maji kwenye bakuli.

Sukuma duara la ukubwa wa sahani ndogo, jaza upande mmoja, kunja, bana. Kusuka kingo ndiko nilikoona nimefika nyumbani, maana ni ukili uleule: kunja, bonyeza, lalia. Bibi yangu aliyekuwa akisuka mikeka angewashinda watu wa hapa kwa wiki moja. Paka yai, toboa kitundu kidogo juu, oka nyuzi 180 kwa dakika 50 hadi 55. Weka sikio karibu na kitundu. Mchuzi ukitokota utausikia. Usiyekuwa na oveni, fanya kama keki ya mkaa: sufuria yenye mchanga, moto kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Ikitoka, subiri dakika 15. Ulimi wangu una ushahidi.

Kuhusu pilipili mbuzi: wachimba madini wa Cornwall walipokwenda Mexico karne ya 19, kwenye migodi ya Hidalgo, waliibeba pasti yao, na Wamexico wakaitia pilipili. Hadi leo inauzwa Pachuca na Real del Monte. Basi na mimi natia, nusu ya pasti zangu, bila kuomba ruhusa. Ila watu wa hapa wana desturi ya kubandika herufi ya unga kwenye kona, kila mtu aijue yake, nami nimeichukua: tangu mwanangu wa miaka minne ang'ate isiyo yake, zenye pilipili zina P kubwa.