Maswali na Majibu: Muuguzi na Msongo wa Kazi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wauguzi na wakunga wa Unguja na Pemba. Nimechagua tano na kuondoa kila linaloweza kumtambulisha mwandishi. Kabla ya kuingia katika ushauri nasaha nilifanya kazi wodini miaka 11, kwa hivyo ninayoyajibu mengine niliwahi kujiuliza mwenyewe.

Assalamu alaykum, Bi Mshauri. Mimi ni mkunga, Pemba. Mama akitoka damu nyingi baada ya kujifungua nafanya kazi bila wasiwasi mpaka hali itulie. Baadaye ndipo mikono hunitetemeka na moyo kunienda mbio, na bado kuna wazazi wengine wananingoja. Nifanye nini?

Waalaykumu salaam, mwanangu. Kutetemeka huko si udhaifu. Mwili wako uliona hatari ukajiandaa kukimbia au kupigana, homoni ya adrenalini ikamwagika katika damu, nawe ukabaki umesimama pale pale ukimkanda mama tumbo na kuangalia kiasi cha damu. Hatari ikiisha, homoni hiyo haiondoki papo hapo.

Katika mambo yote yanayokwenda mbio wakati huo, unaloweza kulitawala kwa hiari yako ni pumzi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6, kwa muda wa dakika 3 hadi 5. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua tunapotoa pumzi, kwa kazi ya mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Ukipata nafasi, ongeza kukaza na kulegeza misuli, njia ambayo daktari Edmund Jacobson wa Marekani aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1929: kaza ngumi kwa hesabu ya 5, ziachie, kisha ufanye hivyo hivyo kwa mabega.

Mimi nilikuwa nikifanya haya penye sinki, kwa kuwa kukosha mikono ni lazima na hakuna anayemuuliza muuguzi kwa nini amesimama pale. Nilihesabu pumzi huku nikisugua povu kati ya vidole, kimoja baada ya kimoja, na vidole vilipotulia ndipo nilipofunga bomba na kurudi kwa mgonjwa mwingine. Lakini anza kujizoeza nyumbani, ukiwa umetulia, mara mbili kwa siku. Hukufundishwa kutafuta mshipa wa mtoto mchanga siku ya dharura, na hili nalo halifundishiki siku hiyo.

Ni wiki tatu tangu mgonjwa wangu, mzee mmoja, alipofariki usiku nikiwa peke yangu wodini. Kila nikikaa najisemea: "Ningepita kitandani kwake mapema angalikuwa hai. Sifai kuwa muuguzi." Shemeji yangu ananiambia ni kadari, nisahau. Mbona sisahau?

Pole sana, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii yote.

Miaka ya 1960, daktari Aaron Beck wa Marekani, alipokuwa akiwatibu watu wenye sonona, aliona kwamba huzuni yao iliandamana na mawazo mafupi yanayopita kichwani kwa kasi, ambayo mwenyewe huyaamini bila kuyahoji. Hapo ndipo ilipojengwa tiba ya fikra, ambayo leo ni sehemu ya tiba ya fikra na mwenendo. Tiba hii haikutaki ujidanganye kwamba mambo ni mazuri. Inakutaka uliweke wazo mezani, ulitazame kama unavyotazama faili la mgonjwa.

Chukua daftari. Utaona kwamba umejisemea mambo mawili ukayafunga pamoja. La kwanza, "ningepita mapema angalikuwa hai", ni dai, na dai huulizwa ushahidi. Andika uliyoyajua saa ile, wala si uliyoyajua asubuhi: ulipompima mara ya mwisho, presha na joto vilisomaje? Alilalamika chochote? Nani mwingine alikuhitaji dakika zile? La pili, "sifai kuwa muuguzi", ni hukumu juu ya maisha yako yote, iliyotolewa kwa usiku mmoja. Chini yake andika mambo ambayo hukumu hiyo imeyaruka, kisha ujiulize ungemwambia nini muuguzi mwenzako angekuletea habari hiyo hiyo.

Mwishoni andika sentensi mpya. Isiwe tamu, iwe kweli, kwa mfano: "Nilikuwa peke yangu, nilipita kwa wagonjwa kadiri nilivyoweza, sikuona dalili ya kunionya, na ninahuzunika kwa sababu nilimjali." Isome kila wazo la zamani linaporudi, na litarudi. Na ikiwa katika kuandika utagundua kosa la kweli, tuseme kipimo kilichorukwa, usilifute. Lipeleke kwa msimamizi wa wodi ili utaratibu urekebishwe. Kosa lenye mipaka hurekebishika, lakini "sifai" haina mahali pa kushikwa.

Kuhusu kadari, shemeji yako amesema neno la imani, nami naliamini. Ila neno hilo humfariji mtu aliyekwisha kusikilizwa. Mwombe akusikilize kwanza, toka mwanzo wa zamu hadi mwisho, kisha aseme. Ikiwa ndoto za usiku ule au hofu ya kuingia wodini vitaendelea zaidi ya mwezi, onana na mtaalamu. Kwa Unguja ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu, ya magonjwa ya akili, na ukiwa Pemba anza kwa daktari unayemwamini akuelekeze.

Jamaa wa wagonjwa wanatutolea maneno makali, nami hujibu kwa ukali kisha najuta. Kuna dawa?

Ipo, na ni fupi. Kabla ya kujibu toa pumzi moja ndefu, shusha sauti, taja unachokiona kwake, kisha useme unachoweza na usichoweza: "Mama, naona una hofu juu ya mwanao. Daktari nimekwisha kumwita. Nitarudi kwako nikimaliza sindano hii, lakini siwezi kukusikiliza ukinitukana." Yaseme maneno hayo kwa sauti nyumbani hadi ulimi uyazoee. Akiendelea kutukana au kutishia, ondoka na umwite msimamizi.

Nikirudi nyumbani sina hamu hata ya kuzungumza na watoto. Wodini nimeanza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda. Zamani sikuwa hivi.

Kaka yangu, hilo la namba za vitanda umefanya vyema kulitaja, kwa sababu wengi huliona wakalificha. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani, ameeleza uchovu wa kazi kwa mambo matatu: nguvu za moyo kukauka, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi kwamba hufanikishi lolote la maana kazini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hiyo hutokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, na kwamba si ugonjwa.

Kwa upande wako, usingoje hamu ije. Panga jambo moja dogo lenye saa yake, kama kukaa na watoto barazani dakika 15 baada ya alasiri, ulifanye hata kama moyo umekufa ganzi, kwani mara nyingi hamu hufuata kitendo. Wodini, taja jina la mgonjwa kabla ya kumgusa.

Ila nisikufiche: pumzi na daftari haviongezi muuguzi wa pili katika zamu. Kwa wiki mbili andikeni, wewe na wenzako, idadi ya wagonjwa, idadi ya wauguzi na mapumziko yaliyokosekana, kisha mwende kwa msimamizi mkiwa watatu, na karatasi hiyo mkononi.

Nikienda kwa mshauri nasaha watu watasema nina wazimu. Nianzeje?

Anza kwa kujua kwamba mshauri ana wajibu wa kutunza siri kama ulivyo nao wewe kwa mgonjwa wako, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru usingoje miadi, mwambie mtu wa karibu leo na mwende hospitali pamoja. Vinginevyo, siku ya kwanza usijisumbue kutafuta maneno. Mweleze usingizi wako tu: baada ya zamu ya usiku unalala saa ngapi, unashtuka saa ngapi, na ukishtuka ni jambo gani la kwanza linalokujia. Atajua pa kuendelea.