Nimekaza shokapu za nyuma mpaka ngazi ya mwisho na bado zinagonga, nifanyeje?

Swali: Habari fundi. Nina pikipiki ya 150 yenye shokapu mbili nyuma, zile za pete ya kukazia springi yenye ngazi 5. Nina kilo 78 na karibu kila siku nabeba mtu na begi la vifaa. Nyuma ilikuwa inagonga kwenye matuta nikakaza pete mpaka ngazi ya 5. Sasa nikiwa peke yangu inanirusha mpaka mgongo unauma, nikibeba mtu bado inagonga. Kuna fundi kaniambia tukate springi mizunguko miwili afu tuongeze oili nzito ndani, mwingine anasema nifunge shokapu ndefu. Nataka kazi hii niifanye mwenyewe nyumbani, nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, hilo la kukata springi lifute kichwani kabla hujasoma zaidi, ntalirudia huko chini. Upepo wa tairi, bushi, oili kuvuja sizungumzii, maana kwa ulivyoeleza naona hayo unayajua. Nataka tukae kwenye hii pete, kwa sababu swali lako naletewa kila wiki na kila wiki ni kosa lilelile: mtu anaamini akikaza pete springi inakuwa ngumu.

Haiwi ngumu. Springi ugumu wake unatoka kwenye unene wa waya, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko, basi. Pete haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua springi ambayo ukiibana milimita 1 inadai kilo 2, milimita 2 inadai kilo 4, hivyohivyo. Iweke kwenye shokapu bila kuikaza, uipe mzigo wa kilo 60, itashuka milimita 30. Sasa zungusha pete uibane milimita 10, yani springi imeshabeba kilo 20 kabla hujakaa, ukiweka zile kilo 60 shokapu inashuka milimita 20 tu. Haya, ikitaka kushuka milimita moja zaidi inadai kilo ngapi? Kilo 2 zilezile. Ulichobadilisha ni mahali pikipiki inaposimama, umeinyanyua nyuma, ukapata nafasi kidogo zaidi kabla haijagonga chini. Hiyo ndo kazi ya pete. (Zile springi ambazo mizunguko ya upande mmoja imebanana zinabadilika kidogo njiani, ila hata hizo ukizikaza unakula tu ile sehemu laini mapema, upande wa pili unabaki kama ulivyotoka kiwandani.)

Kinachowadanganya watu ni mkono. Unakaza mpaka mwisho, unabonyeza kiti kwa viganja viwili, hakishuki, unasema eeh hapa sasa imekuwa ngumu. Hakishuki kwa sababu mikono yako haijafikisha zile kilo ambazo springi imeshabanwa nazo, ikishavukwa hapo inashuka vilevile.

Na kwako wewe ndo limetokea hilo. Ukiwa peke yako kwenye ngazi ya 5 nyuma imesimama juu kabisa, shokapu imeshafunguka yote au karibu yote. Gurudumu likikuta shimo linatakiwa lishuke lilifuate, halina pa kushukia, linaning'inia hewani, afu linapiga ukingo wa pili na shokapu yenyewe inagonga juu, sio chini. Ule mrusho unaokuumiza mgongo sio ugumu, ni kukosa nafasi ya kushuka. Ukibeba mtu na begi, springi ileile laini inakula safari yote (umbali wote inaoweza kwenda juu na chini) na kugonga chini. Kwa hiyo una matatizo mawili yanayopingana na pete moja haiwezi kuyaponya yote.

Kabla hujanunua chochote pima. Tepu ya kupimia, mtu mmoja wa kukusaidia na dakika ishirini, hakuna kingine. Weka alama ya kalamu kwenye bodi ya nyuma, juu kabisa ya nati ya ekseli ya gurudumu. Simamisha kwa stendi ya kati mpaka gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka nati hadi alama, andika. Halafu shusha pikipiki chini isimame yenyewe bila mtu, bonyeza kiti uachie taratibu, pima, kisha inyanyue kidogo uachie taratibu, pima tena, chukua katikati ya hizo mbili kwa sababu bushi na sili zina ukakasi na zinadanganya milimita kadhaa. Namba ya tatu ni wewe umekaa unavyokaa siku zote, na viatu na begi lako, miguu kwenye vikanyagio, msaidizi anaishika kwa mbele isianguke na mwingine (kama yupo) anapima.

Toa namba ya pili kutoka ya kwanza: huo ni mshuko wa pikipiki yenyewe. Toa ya tatu kutoka ya kwanza: huo ni mshuko na mtu. Kwa pikipiki ya barabarani mshuko na mtu unatakiwa uwe kati ya robo na theluthi ya safari yote ya gurudumu, tuseme safari ni milimita 90 basi unatafuta 23 mpaka 30 hivi. Mshuko wa pikipiki yenyewe uwe milimita 5 mpaka 15.

Sasa hapa ndo penye siri na ndo pale wengi wanapotea. Umekaza mpaka mshuko na mtu umekaa vizuri, 28 tuseme, afu unaangalia ule wa pikipiki yenyewe unakuta sifuri, haishuki hata kidogo. Mtu anasema springi ngumu hii. Hapana! Hiyo springi ni LAINI, umeikaza kupita kiasi ili ikubebe. Na ukikuta kinyume chake, mshuko na mtu uko sawa lakini yenyewe peke yake inashuka 20 na kitu, hiyo ndo springi ngumu kuliko uzito wako, karibu haujaikaza. Soma tena aya hii polepole, ndo inayokuokolea hela.

Kwako nakuhakikishia utakuta sifuri. Dawa yake ni springi ngumu zaidi, ya urefu uleule, iliyotengenezwa hivyo, sio iliyochongwa mtaani. Kama shokapu zenyewe zimechoka nunua pea nzima, zote mbili kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu, zikitofautiana nguvu swingiamu (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma) inabebwa kwa upande mmoja. Pima urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, pima na upana wa matundu yenyewe na bushi zake, afu mwambie muuzaji uzito wako, wa abiria na wa mzigo. Muuzaji asiyekuuliza uzito anakuuzia rangi.

Zikifika, kufunga sio kazi kubwa. Stendi ya kati, toa shokapu MOJA, funga mpya, ndo utoe ya pili, kwa sababu ile iliyobaki inaishikilia swingiamu mahali pake. Pete safisha kwa brashi kwanza, mchanga ukiingia kwenye ngazi unazila. Tumia spana yake ya ndoano, usipige pete kwa patasi na nyundo, na pande zote mbili ziwe ngazi sawa. Bolti kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Ukibeba mtu panda ngazi moja au mbili, ukiwa peke yako rudisha, hizo ngazi ziliwekwa kwa ajili hiyohiyo sio za kupandisha mara moja na kusahau.

Zikiwa na kirungu cha kurekebisha kasi ya kurudi, kifunge taratibu mpaka mwisho huku unahesabu mibofyo, andika, rudisha kilipokuwa. Kisha badilisha mibofyo miwili tu kwa mara, endesha njia ileile, andika. Usiguse vitu viwili kwa siku moja hutajua kipi kimesaidia. Bonyeza kiti kwa nguvu uachie: kinatakiwa kipande juu mara moja tu na kutulia. Kikiendelea kudunda oili haiizuii springi. Kikipanda polepole kama mlango mzito, kirungu umekifunga sana, na hii ina mtego wake, kwenye matuta yanayofuatana shokapu haiwahi kurudi, kila tuta linaikuta chini zaidi ya lililopita mpaka inagonga, mtu anadhani springi imelegea anakaza pete tena. Kumbe angefungua mibofyo miwili tu.

Shokapu ndefu. Inaonekana kitu kidogo, milimita 20 au 30 tu si kitu, lakini ukinyanyua nyuma milimita 30 kwenye pikipiki ambayo kutoka ekseli hadi ekseli ni kama milimita 1,280, umeiinamisha mbele zaidi ya digrii 1, usukani unakuwa mwepesi na wa kuyumba ukienda kasi. Stendi ya pembeni inakuwa fupi, pikipiki inalala. Na cheni inabadilika ulegevu, swingiamu ikiwa imeinama sana cheni inasugua juu yake. Cheni inakaza kuliko kote pale ambapo spoketi ya mbele, bolti ya swingiamu na ekseli ya nyuma vimekaa kwenye mstari mmoja, hapo ndo uhakikishe bado ina ulegevu, maana ukiipima ikiwa juu ya stendi ukaona iko sawa, siku umebeba mtu itavuta beringi. Kwenye zenye shokapu moja katikati na vyuma vya kunyanyulia (vinavyoiunganisha na swingiamu) ni mbaya zaidi, milimita 10 pale kwenye shokapu inaweza kuwa 20 mpaka 30 kwenye gurudumu. Na juu ya yote urefu hauponyi springi laini.

Haya sasa turudi kwa huyo wa kukata. Springi yenye mizunguko 10 inayofanya kazi ukiikata miwili inabaki 8, ile ya kilo 2 kwa milimita inakuwa kilo 2 na nusu, kwa hiyo ndio, ugumu umeongezeka, ndo maana wana ushahidi wa kukuonyesha. Hawakwambii mengine. Imekuwa fupi, gurudumu likining'inia springi inacheza huru kwenye kiti chake na inaweza kutoka. Ncha iliyokatwa haikai bapa, inasukuma upande mmoja na kuipinda fimbo (kile chuma kinachoingia na kutoka ndani ya shokapu). Na wakikata kwa gesi, moto ule unaua ukali wa chuma, baada ya muda springi inalala yenyewe. Halafu oili ya ndani ilipimwa izuie springi ya kwanza, sio hii, inarudi kwa kishindo. Nimechoka kuyasema haya kwa watu ambao wanakuja na pikipiki iliyokwisha, na aliyekata hayupo.

Hiyo ya kuongeza oili nzito nakueleza nilichokishika mwenyewe. Niliwekewa shokapu mezani, ubavuni ilikuwa na kovu la shaba ukubwa wa punje ya hindi, mtu alitoboa akajaza oili ya injini akaziba. Nikatoa springi nikasukuma fimbo kwa mkono: ikaenda vizuri mpaka nusu, afu ikasimama kama imekuta jiwe. Fimbo ya milimita 12 ikiingia sentimita 6 inachukua nafasi ya kama mililita 7, na oili haibonyei, ile nafasi ya hewa au gesi juu ndo inayobonyea kuipisha fimbo. Jamaa alikuwa amejaza oili sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Kwenye tuta nguvu yote ilienda kwenye masikio ya shokapu na kwenye fremu, sili ilikuwa imeshapasuka na fimbo ina mkunjo unaouona kwa macho. Mwenyewe alijua ana shokapu ngumu. Na huyo alikuwa na bahati, ilikuwa ya hewa ya kawaida. Zile za gesi zina naitrojeni ya bar 10 na zaidi, tairi lako lina kama 2, ukiingiza drili pale kitakachotoka kinakuja usoni. Usitoboe, usichomelee, usiifungue. Na springi yenyewe usiitoe kwa kamba au waya, kuna kibanio chake, kama huna peleka kwa mwenye nacho.

Tahadhari pia na zile za bei rahisi zenye chupa pembeni (ya kuwekea oili na gesi), nyingi chupa yake ni pambo, haijaungana na kitu, humo ndani hamna oili wala gesi. Na ukipata springi sahihi usidhani umepewa ruhusa ya kubeba zaidi, uzito wa mwisho umeandikwa kwenye kitabu, na rimu, breki na fremu hazijabadilika.

Wengine mnaosoma, hasa mlionunua pikipiki iliyotumika, nendeni muangalie shokapu za nyuma sasa hivi. Ncha ya springi iliyotoka kiwandani imechongwa bapa na inakaa kwenye kiti chake vizuri. Ukiona ncha imekatwa wima ina alama ya jiwe la grainda au rangi ya bluu ya moto, au ubavuni kuna kovu la kuchomelea, hiyo shokapu usiiendeshee tena mpaka uibadilishe.