Re: Tommy Flowers ni nani?
Mkuu umeuliza kwa nini Tommy Flowers akumbukwe wakati hatajwi popote. Huyu alikuwa injinia wa simu wa Posta ya Uingereza, kazaliwa London 1905, na ndo aliyeunda Colossus, kompyuta ya kielektroniki iloanza kazi 1944 pale Bletchley Park (kituo cha siri cha Uingereza cha kufumbua meseji za adui) kusaidia kufumbua meseji za siri za jeshi la Hitler. Waliomzunguka wengi hawakuamini valvu (taa za kioo za kielektroniki zilizotumika kabla ya transista) zaidi ya 1,500 zinaweza kufanya kazi pamoja bila kuungua ovyo, ila yeye kwa uzoefu wa mitambo ya simu alijua ukiziacha zinawaka muda wote zinadumu, na kweli zikadumu! Kinachoniuma, vita ilipoisha akaamriwa achome michoro yake, akakaa kimya mpaka miaka ya 1970 siri ilipoanza kutoka. Alifariki 1998, kwangu mimi anastahili kutajwa sambamba na Alan Turing, yule mwanahisabati Mwingereza maarufu kwa kufumbua meseji za siri za Wajerumani.