Ingia Chuoni na Swali la Darasani Kwako

Swali la wiki liliuliza: je, shahada ya uzamili na utafiti wa darasani humkuza kweli mwalimu wa shule ya msingi, au humwongezea cheti tu? Mimi nafundisha madarasa ya chini, na uzamili niliusoma huku naendelea kufundisha. Jibu langu ni kwamba humkuza, tena sana, ila kwa sharti moja: swali la utafiti litoke kwa watoto anaowafundisha. Mwalimu akiliokota kwenye orodha ya mada za chuo, atahitimu na atapongezwa, kisha atarudi kufundisha vilevile alivyokuwa akifundisha.

Wanaotilia shaka wana hoja, na haifai kuipuuza. Huko Marekani watafiti wamelinganisha mara nyingi matokeo ya mitihani ya wanafunzi wa walimu wenye uzamili na ya wale wa walimu wasio nao, na kwa sehemu kubwa hawakuona tofauti ya maana. Sishangai. Katika hesabu hizo uzamili wa uongozi, wa sera na wa ualimu wenyewe mara nyingi huhesabiwa kuwa kitu kimoja, ilhali mtu anaweza kumaliza baadhi ya shahada hizo bila kulitazama daftari la mtoto hata mara moja. Finland ilikwenda kwa njia nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 imemtaka mwalimu wa shule ya msingi awe na uzamili, na ndani ya masomo hayo ajifunze kufanya utafiti na kuandika tasnifu. Kule utafiti ni sehemu ya kumwandaa mtu kusimama mbele ya watoto.

Sasa nieleze ninachokiita kukua. Chukua kosa ambalo kila mwalimu wa hesabu amekutana nalo. Mtoto anapewa 402 kutoa 178, anaandika 376. Tunaweka alama ya kosa, tunafungua daftari linalofuata. Lakini tazama alivyofika pale: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Katika kila safu ameondoa tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Mtoto huyu hakubahatisha. Anayo kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu. Mwaka 1978 watafiti John Seely Brown na Richard Burton walichapisha uchambuzi wa makosa ya aina hii, wakaonyesha kwamba mengi yana mpangilio: mtoto hurudia hatua ileile yenye kasoro, hata ukiijua unaweza kutabiri jibu lake la swali linalofuata kabla hajaliandika.

Kazi hiyo nisingeifikia bila masomo ya uzamili, na ndiyo iliyobadili usahihishaji wangu. Nilianza kuyapanga madaftari kwa aina ya kosa, si kwa alama. Mafungu yaliyojitokeza hayakufanana kabisa na yale makundi ya wepesi na wazito tunayoyazungumzia kwenye ofisi ya walimu. Watoto wawili wenye alama sawa walihitaji masomo mawili tofauti. Mmoja hakuwa ameelewa thamani ya nafasi, yaani kwamba 4 katika 402 ni mia nne. Mwingine aliielewa vizuri, ila akikuta sifuri katikati hakujua akope wapi. Kumpa wa pili mazoezi ya wa kwanza ni kumchosha bure.

Msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa na swali moja alilolirudia kila nilipompelekea ukurasa: umejuaje? Nikiandika kwamba darasa limechangamka, umejuaje? Nikiandika kwamba mbinu fulani imewasaidia wasomaji dhaifu, umejuaje, na wangesaidika kiasi gani hata bila mbinu hiyo? Swali hilo lina uzito zaidi kwetu wa madarasa ya chini, kwa sababu watoto wadogo hukua wenyewe. Mtoto wa miaka saba husoma vizuri zaidi mwisho wa muhula kuliko mwanzo wake, hata kama ile mbinu mpya haikuwa na lolote. Ndiyo maana unahitaji kitu cha kulinganishia: kazi za darasa sambamba, au kumbukumbu za usomaji zilizochukuliwa mara kadhaa kabla hujabadilisha chochote.

Utafiti wa namna hii, ambao mwalimu huchunguza kazi yake mwenyewe ili aiboreshe, huitwa utafiti tendaji, na si jambo geni. Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliuandikia mwaka 1946, mtaalamu wa elimu wa Marekani Stephen Corey akauingiza kwa nguvu katika shule miaka ya 1950, na Lawrence Stenhouse, mtaalamu wa mitaala wa Uingereza, akatetea mwaka 1975 kwamba mtaala hauwezi kukua bila mwalimu kuwa mtafiti wa darasa lake mwenyewe. Hatua zake mwalimu yeyote anaweza kuzishika: unaona tatizo, unakusanya ushahidi, unabadilisha jambo moja, unatazama kilichotokea, unaanza tena.

Tena haudai vifaa vya gharama. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aligundua kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumgeukia mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitolea kusema, na kimya cha kushindwa kujibu kikapungua. Rekodi somo lako kwa simu, kisha hesabu sekunde. Sijui zoezi jingine dogo linalomfundisha mwalimu mengi hivyo kuhusu nafsi yake.

Kuna upande ambao vyuo huufundisha na sisi walimu huwa na haraka ya kuuruka, nao ni maadili. Darasani mimi ndiye ninayetoa alama na ndiye ninayeadhibu. Nikimwambia mtoto, "Nakuomba ushiriki katika utafiti wangu," je, ana uhuru wa kukataa? Ruhusa ya mzazi ni lazima, lakini haitoshi. Mtoto aelezwe kwa lugha yake, aambiwe kwamba akikataa hakuna kitakachobadilika, na akikataa kweli, pasibadilike kitu. Jina lake lisionekane popote. Na kundi la kulinganishia lisinyimwe kitu ambacho tayari tunaamini kinafaa ili tu tasnifu ipendeze. Haya yamenifanya niwe makini hata nisipokuwa mtafiti: siku hizi nafikiri mara mbili kabla ya kusimulia kosa la mtoto mbele ya wenzake.

Asiye na nafasi ya kurudi chuoni asikate tamaa. Japani walimu wana desturi ya muda mrefu ya kuandaa somo pamoja: mmoja hulifundisha, wengine huketi darasani wakiwatazama wanafunzi, kisha wote huketi kulichambua. Wanachokichunguza ni namna watoto wanavyofikiri, kwa hiyo anayefundisha hana sababu ya kujihami. Walimu watatu wa shule moja wanaweza kuanza hivyo, mradi mkuu wa shule awape kipindi kimoja cha pamoja kwenye ratiba. Kipindi hicho kikikosekana, utafiti unageuka kuwa kazi ya usiku, na mwalimu aliyechoka hawezi kuudumisha.

Kwa anayefikiria kujiandikisha, nashauri kabla ya kujaza fomu akae muhula mzima akiandika, kila siku baada ya vipindi, jambo moja alilolifanya mtoto na yeye asiweze kulieleza. Mwisho wa muhula asome yote. Lipo litakalokuwa limejirudia, pengine dogo sana: kwa nini wanaosoma kwa sauti bila kukwama hawawezi kusimulia walichosoma, kwa mfano. Alipeleke hilo chuoni, amwonyeshe msimamizi siku ya kwanza pamoja na madaftari yenyewe. Msimamizi akilibeza kwamba ni dogo, aombe chuo kimpe msimamizi mwingine.